Firigisi ya Baba wa Nyumba

Jumatatu, 5 Februari 2024

Nimeamua. Nitakuwa mwenyekiti wa kamati ya kupokea wakimbizi wa mtaa wetu hapa Majengo. Uchaguzi ni Jumapili, baada ya misa. Miaka thelathini nimetangaza habari za vita redioni. Nani anawajua wakimbizi kuliko mimi? Mpinzani ni mmoja tu: Honoré, fundi cherehani, mwembamba kama sindano yake.

Wembamba huo ndio silaha yake. Leo penye bomba la maji, mbele ya watu na madumu yao, ameniuliza: "Muzee Evariste, hii mashavu imekula bunga ya nani?" Watu wamecheka. Barabara ya Sake inakaribia kufungwa, unga umepanda bei, mtaa mzima umekonda, mimi peke yangu nina uso wa mviringo. Nimeeleza kwamba ni dawa. Honoré akasema dawa kama hiyo angeipenda na yeye, pamoja na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kando. Kicheko cha pili!

Ni dawa kweli. Miaka mitatu iliyopita, huko India, walinitoa moyo wangu uliochoka wakaniwekea wa mtu aliyekufa kwa ajali. Jina lake sikuambiwa. Tangu hapo nameza vidonge saa moja asubuhi na saa moja jioni, hadi kufa. Daktari wa kule alisema walinzi wa mwili wangu wanauona moyo huu kama mvamizi. Vidonge vinawalaza usingizi. Kile cheupe ndicho kinachojaza mashavu. Vingine vinatetemesha mikono.

Lakini miaka mitatu! Mgeni siku mbili, ya tatu anapewa jembe. Huyu sasa ni mwenyeji. Mpango: siku sita bila kidonge hata kimoja. Mashavu yatashuka, kura zitapanda.

Jumanne, 6 Februari

Kikwazo: Kasoki, mke wangu. Mnande wa Butembo, watu wa biashara. Miaka ishirini amesafirisha maharagwe kwa malori na hakuna aliyewahi kumwibia kilo moja. Anasimama mbele yangu na kikombe cha maji. "Meza, Papa." Nameza. "Fungua kinywa." Nafungua. Chini ya ulimi haangalii! Natoka kupiga mswaki, natema vidonge kwenye nyufa za ukuta wetu wa mawe ya volkano. Rahisi kabisa.

Mchana wamefika wageni. Mukamurenzi, mjane kutoka vilima vya Masisi, binti zake wawili, na kuku mmoja. Siku nne kwa miguu. Kasoki hakuniuliza, amewapa chumba cha mbele, na vitu vyangu vya redio vimehamia chini ya kitanda. Nimewakaribisha kwa sauti kubwa, majirani wasikie.

Alhamisi, 8 Februari

Nimepima uso kwa uzi, kutoka sikio hadi sikio kupitia kidevu. Umepungua upana wa kidole! Au uzi umenyooka. Hapana, umepungua.

Na najisikia mzima. Nimebeba dumu zima kutoka bombani bila kupumzika. Ushahidi huo unatosha.

Jioni nimemhoji Mukamurenzi, kwa mazoea ya kazi. Ana kifua kikuu. Dawa ni za miezi sita, yuko mwezi wa nne, hajakosa siku hata moja. Nimemuuliza mara mbili, kama nilivyozoea, na jibu halikubadilika. Sufuria aliiacha njiani. Godoro aliliacha. Dawa alizifunga kwenye nguo ya binti mdogo aliyekuwa mgongoni. Kwa nini hapo? Akasema: "Mutoto siwezi kumusahau, papa. Basi na dawa sitaisahau." Karibu na Sake mabomu yalikuwa yanaanguka, watu wanakimbia. Saa ya dawa ikafika. Alisimama kando ya barabara, akakinga maji ya mvua kwa kifuniko cha chupa, akameza, ndipo akakimbia.

Nimetangaza vita vitatu. Sikuwahi kupata habari kubwa kuliko kifuniko kile.

Bila shaka hali yake ni tofauti. Yeye ni mgonjwa.

Ijumaa, 9 Februari

Viatu vinabana. Pumzi inakata nikipanda ngazi tatu za mlangoni. Ni moshi wa Nyiragongo, volkano yetu. Nimelala nimeegemea mito mitatu. Mawazo ya uchaguzi.

Kuku wa mgeni anapenda sana upande ule wa ukuta. Sijui anapata nini pale.

Jumamosi, 10 Februari

Balaa!

Mukamurenzi ametoa kuku wake kuishukuru nyumba. Tukakataa kwa adabu, akasisitiza, kuku akachinjwa. Firigisi ni ya baba wa nyumba, hilo halijadiliwi. Nimenawa mikono, nimekaa mezani. Kasoki ameniletea sahani. Firigisi mbichi, imepasuliwa. Ndani: changarawe nyeusi, punje mbili za mahindi, na kidonge cheupe, mstari wake wa katikati bado unaonekana vizuri.

Nikasema ni Honoré. Amekitupa kidonge juu ya ukuta ili kunichafulia jina. Kasoki akauliza iwapo Honoré naye amewekewa moyo India.

Nilingoja kelele. Hazikuja. Amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, kama mtu aliyefika sokoni akakuta soko limeungua. "Niliuzisha malori mbili juu yako, Papa. Na dawa inakunywa kuku?" Malori hayo ndiyo yaliyolipia India. Mukamurenzi, ili kupoza hewa, akasema basi kuku wake amekufa akiwa na afya kuliko kuku wote wa Masisi.

Nimemeza vyote mbele ya Kasoki. Karibu vyote. Kile cheupe nimekibakiza chini ya ulimi. Kesho ni uchaguzi!

Jumapili, 11 Februari (imeandikwa baadaye)

Kwetu kura ni miguu: kila mtu anasimama nyuma ya anayemtaka. Nyuma ya Honoré, watu thelathini na mmoja. Nyuma yangu, ishirini na wanane. Wanne hawajaamua. Nikapanda jiwe kubwa niwahutubie. Nikasema "Ndugu zangu", pumzi ikaishia hapo. Kilichofuata ni jiwe chini ya shavu langu.

Honoré ameruka kutoka mstari wake, akanyakua chukudu la muuza viazi, lile gari la mbao la magurudumu mawili la kubebea mizigo, akamwaga viazi barabarani, akanilaza juu ya mbao, akasukuma hadi hospitali. Mtu mwembamba vile! Njia nzima ananitukana: "Usikufe, muzee! Nikishinda bila mupinzani ni haya kwangu!" Kasoki alikimbia pembeni, ameshika kidole changu kimoja. Hakukiachia.

Jumatano, 14 Februari

Hospitali. Daktari Émérance amenipaka mafuta baridi kifuani, akapitisha kifaa chake, akanigeuzia kioo cha mashine. Moyo wangu. Sikuwahi kuuona. Vilango vinafunguka, vinafungwa, vinafunguka. Polepole, kama mtu aliyepigwa na bado anasukuma mlango. Daktari akasema kuta zimevimba: walinzi wangu wameamka, wameushambulia.

Nimeangalia sana. Umetoka mbali, hauna ndugu hapa, haujui hata lugha yetu. Nimeuamshia askari ndani ya nyumba yake mwenyewe, na bado unanisukumia damu. Macho yalitoa maji. Naripoti tu.

Daktari akauliza kwa nini. Alisema wenye moyo wa kuwekewa huacha dawa kwa sababu nyingi. Wengine husahau. Wengine dawa huwaishia barabara zikifungwa. Wengine wanaona aibu ya mikono inayotetemeka. Wengine wameombewa wakaambiwa wamepona. Wengi wanajisikia wazima tu. Wa kutafuta kura hakuwahi kumsikia. Ameniandika kwenye daftari. Nimejisikia fahari kidogo. Akasema siku mbili zaidi, tusingezungumza.

Jumamosi, 17 Februari

Nyumbani. Dozi nzito za hospitali zimejaza mashavu kuliko zamani zote. Uzi haufiki sikioni.

Kura zimerudiwa nikiwa kitandani. Mtaa mzima umesimama nyuma ya Kasoki, ambaye hakugombea. Wa kwanza kusimama: Honoré.

Kengele ya parokia ikilia, mimi na Mukamurenzi tunameza pamoja, kisha tunafungua vinywa, ulimi juu. Mwenyekiti anakagua. Nimeapa kwa moyo wa yule marehemu, na nimeapa kwa dhati. Nikiweka mkono kifuani, unapiga tu, hauniulizi kitu. Ajabu ya Mungu.

Honoré amepita kunisalimu. Anasema kwaya ya parokia inatafuta rais, na picha ya rais itabandikwa mlangoni Pasaka. Picha! Na uso huu? Pasaka ni tarehe 31 Machi. Wiki sita.

Nimechunguza kwa utulivu kosa langu lilikuwa wapi. Chini ya ulimi sasa panajulikana. Lakini mashavu makubwa namna hii yana nafasi: kidonge kidogo cheupe kinakaa kati ya fizi na shavu, na Kasoki haoni. Nimejaribu kwa punje ya mahindi.

Nimezunguka ua mara mbili. Hakuna kuku.