Darasa la Wenye Pumzi Fupi

Jumatatu, 9 Juni 1975

Baridi. Ukungu umelala mpaka mlangoni mwa zahanati. Habari mbaya kutoka Bashay: Nicodemo amesifiwa. Nicodemo niliyesoma naye uganga, ambaye mpaka leo hachomi sindano bila kutoa ulimi nje. Ameanzisha darasa la vyoo. Bwana Afya amesema mbele ya watu kwamba Nicodemo ni mfano. Na watu wa mfano ndio wanaopelekwa masomoni. Mimi nimeachwa huku mlimani juu ya Tumati mwaka wa tatu sasa, mtu wa Bukoba, nakula kande.

Nimewaza siku nzima. Na mimi nitakuwa na darasa. Si la vyoo. La kifua. Wagonjwa wa kifua ninao tele. Wanakohoa tangu kabla ya Uhuru, hawafi wala hawaponi. Moshi wa kuni. Kiko. Hata nyumba mpya za mstari walizohamishiwa mwaka jana zilijengwa haraka haraka, bila madirisha.

Nimemweleza nesi Ernestina. Amesema ni wazo zuri, na kwamba aliniambia hivyo hivyo wakati wa Pasaka. Sikumbuki.

Jumatano, 18 Juni

Darasa la kwanza. Wamekuja wawili. Mzee Margwe, ambaye alidhani ni chanjo ya ng'ombe, na mama Fransiska, mjane wa marehemu Sulle. Huyu alipanda kilima kwa kusimama kila mahali penye jiwe la kuegemea.

Nilikuwa nimechora mapafu kwa mkaa kwenye mfuko wa saruji. Kazi ya jioni mbili. Mzee Margwe aliutazama mchoro muda mrefu. Akasema amechinja ng'ombe wengi maishani na hivyo ni viatu. Fransiska akacheka mpaka pumzi ikambana. Mabega yakapanda, macho yakatoka. Somo likasimama.

Ernestina akamkalisha, viwiko juu ya magoti. Akamwambia avute hewa kwa pua, aitoe kwa mdomo polepole, kama mtu anayepoza uji. Taratibu akatulia. Akasema amebanwa hivi miaka mingi na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna namna ya kupumua. Halafu akanigeukia mimi.

"Daktari, nitapona lini?"

Jibu lake tulifundishwa chuoni. Ugonjwa huu hauishi. Mtu anafundishwa kukaa nao vizuri. Lakini jibu la namna hiyo halijazi darasa. Nikasema anayefuata masomo yote atakuwa mzima kabisa kabla mavuno hayajaisha.

Ernestina akanitazama. Nikawa na kazi nyingi ya kukunja mchoro.

Ijumaa, 27 Juni

Benchi zimejaa. Wengine wamekaa kwenye majani. Habari ya kupona imefika hadi Endagikot. Nicodemo na vyoo vyake asikie.

Fransiska anafanya kila kitu ninachosema. Amehamishia jiko nje, chini ya kibanda cha mabua. Binti yake Philomena ametoboa ukuta na kuweka dirisha, majirani wakadhani wamevamiwa na wezi. Sasa Fransiska anapita nyumba kwa nyumba, anakaa, anapumzika, kisha anafundisha. Watu wanamsikiliza kuliko mimi. Nimeliona hilo na nimelisamehe, kwa kuwa ni mwanafunzi wangu.

Mzee Margwe bado ana kiko. Anasema tulikataza moshi ndani ya nyumba, na yeye anavutia nje.

Somo la leo: makohozi yakibadilika rangi, au homa ikianza, njoo zahanati siku hiyo hiyo. Usingoje. Nikawafanya waliseme kwa pamoja. Fransiska akamlazimisha Margwe alirudie peke yake, kama mtoto wa shule. Wakacheka wote, wakakohoa wote.

Jumanne, 8 Julai

Katibu Kata kaja na habari. Mgeni wa afya kutoka mkoani atapita huku Ijumaa. Sikuweza kumaliza chakula.

Nimepanga hivi. Kwanza, kabati la dawa lionekane limejaa. Nimezipanga boksi za penisilini mbele, zimenyooka kama askari wa gwaride, na nimekataza zisiguswe mpaka mgeni azione. Pili, Fransiska apande kilima na ndoo ya maji kichwani, afike juu bila kuhema, aseme amepona.

Ernestina amesema Fransiska anahema hata akikaa. Akasema pia kwamba dawa iliyowekwa kwa kutazamwa si dawa. Nimemjibu kwamba watu wasio na mipango ndio wanaozeekea vijijini.

Nimeenda kwa Fransiska mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa maziwa. Akauliza kama ndoo inaweza kuwa kibuyu. Nikakubali. Mimi si mtu mgumu.

Alhamisi, 10 Julai

Ernestina kaenda Endagikot kwenye chanjo ya watoto. Niko peke yangu. Nimefagia mwenyewe.

Saa za asubuhi akaja Fransiska, Philomena kamshika mkono. Nikamwambia shikamoo, nikadhani amekuja kufanya mazoezi ya kesho. Akakaa. Akapoza pumzi muda mrefu kabla ya kusema. Makohozi yamekuwa ya kijani tangu usiku. Mwili ulikuwa wa moto, niliugusa.

"Umetufundisha tusingoje," akasema. "Sikungoja."

Nikalitazama kabati. Boksi zote ziko kwenye mstari. Ukitoa moja linabaki pengo, na pengo ndilo jicho la mgeni linapokwenda kwanza. Na ilikuwa siku moja tu. Amekohoa miaka ishirini, siku moja ni nini?

Nikampa aspirini na dawa ya kikohozi. Nikamwambia kesho mgeni akishaondoka nitamchoma sindano, tena mapema. Philomena akaangalia kabati, akaniangalia mimi. Fransiska akasema basi, kesho, daktari amesema kesho. Akaniomba nisiwaambie wenzake kwamba ameugua. Asingependa wakate tamaa.

Ijumaa, 11 Julai

Mgeni hakuja.

Tulijipanga mistari tangu asubuhi. Upepo mkali. Wagonjwa wangu wakakaa kwenye upepo huo wamejifunga mablanketi, wakinyamaza kwa nguvu ili wasikohoe. Nilikuwa nimewakataza kukohoa.

Mchana nikamwona Fransiska chini ya kilima. Sikuwa nimemwambia asije. Wala sikuwa nimemwambia aje, naliandika hilo wazi. Alikuwa na kibuyu. Alitembea kidogo, akainama, mikono juu ya magoti, akapumua kama tulivyomfundisha, akatembea tena. Hakukosea hata mara moja. Watu wakampigia makofi. Alipofika juu akanipa kibuyu kwa mikono miwili, akatabasamu, akakaa chini penye ukuta.

Jioni akapita mtu wa baiskeli. Kasema gari la mkoani lilikwenda Bashay, mgeni akakagua vyoo, akala kuku, akarudi Arusha. Nilisema maneno mengi juu ya Nicodemo. Niliyasema kwa muda mrefu.

Nilipogeuka, Ernestina alikuwa amerudi na amepiga magoti mbele ya Fransiska. Midomo ilikuwa imeingia rangi ya majivu. Ernestina akaniuliza homa ilianza lini. Nikasema leo. Akaenda kwenye kabati, akararua boksi ya kwanza, akamchoma. Sikumzuia.

Jumapili, 13 Julai

Kifua kilikataa. Alfajiri wanaume wa nyumba kumi walifunga kitanda kwenye miti, wakamteremsha hadi barabarani. Trekta la kijiji lilikuwa limeahidiwa. Lilichelewa. Halikuwa na dizeli, wakaenda kuitafuta.

Tukangoja kando ya barabara. Hakuweza kulala, akilala anazama. Philomena alikaa nyuma yake kitandani, mgongo wa mama kifuani pake, akimshika asianguke. Ernestina alikuwa anahesabu naye pumzi. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni na ng'ombe wa watu walikuwa wanapita kwenda majini.

Fransiska akaniita kwa kidole. Nikainama. Alisema neno, akapumua, akasema neno.

"Ni somo gani nimekosea?"

Nikamwambia hakuna. Umeyashika yote, mama.

Akakubali kwa kichwa. Baada ya muda Ernestina akaacha kuhesabu. Philomena akaendelea kumshika vile vile. Trekta lilipofika, dereva akazima injini mwenyewe bila kuambiwa.

Nashukuru Mungu kwamba nilimjibu ukweli.

Jumatano, 16 Julai

Tumezika jana. Darasa zima lilikuja. Walikohoa sana, padri akawa anasimama katikati ya sala akiwangoja. Nilitoa hotuba. Nilisema zahanati imepoteza nguzo. Nadhani ilipokelewa vizuri.

Baadaye Philomena akanifuata. Niliogopa. Alinishukuru. Alisema kwa wiki hizi chache mama yake alilala usingizi ambao hakuwahi kuulala tangu yeye, Philomena, alipokuwa mtoto. Dirisha lile alikuwa analala akilitazama. Akanipa maziwa kwenye kibuyu kidogo.

Njiani Ernestina akasema, bila kupandisha sauti, "Alikuja Alhamisi. Ukampa aspirini."

Nikasema ugonjwa wake ulikuwa wa zamani.

"Ugonjwa ulikuwa wa zamani. Homa ndiyo ilikuwa mpya."

Akatangulia. Nikapita nyuma ya shamba la ngano la watu, nikakaa, nikalia. Nililia sana, mpaka kifua changu mwenyewe kikauma. Nilimpenda yule mama. Hakuna mtu mwingine katika mlima huu aliyewahi kuniita daktari akimaanisha.

Nimefikiri tangu wakati huo. Umri. Upepo. Kilima. Dizeli. Hasa dizeli. Mtu akichunguza ataona sababu ni nyingi, na mimi ni mmoja tu.

Jumamosi, 26 Julai

Darasa. Benchi tupu. Nilitaka kufunga mlango, nikasikia fimbo. Mzee Margwe. Akakaa palepale alipokuwa anakaa Fransiska. Hana kiko. Amesema amekivunja. Kila siku Fransiska alimwambia akiache, na kila siku yeye alimjibu baada ya mavuno. Sasa anaona aibu kuvuta wakati mwenzake hayupo kumgombeza.

Kisha akauliza. "Huu ugonjwa unapona, au hauponi?"

Nikaanza kutafuta maneno. Ernestina hakuyangoja. Akamwambia shikamoo kwanza, kama anaanza upya, halafu akamwambia hauponi. Hauishi, mzee, utakufa nao. Lakini ukiacha moshi, ukijua kupumua, ukija mapema na ukapata dawa siku hiyo uliyokuja, unaweza kuishi nao vizuri.

Nikajua nimempoteza na huyu. Mzee akaweka mikono juu ya fimbo.

"Afadhali," akasema. "Sasa najua ninakaa na nani."

Akaomba afundishwe ile ya kupoza uji.

Jumatatu, 4 Agosti

Habari njema. Mgeni wa mkoani anarudi mwisho wa mwezi, na safari hii ameandikiwa kuja kwetu moja kwa moja. Mungu hamwachi mtu.

Ernestina ameomba uhamisho. Amekubaliwa. Anakwenda Bashay kwa Nicodemo, na Nicodemo ameshasema ataongeza darasa la kifua. Wizi mtupu.

Wanafunzi wamerudi baadhi, wanakuja kwa Margwe. Nilimwomba amwambie mgeni kwamba amepona. Amekataa kwa adabu. Atasema anaishi nao vizuri, basi. Mgeni wa mkoani hawezi kusafiri njia yote hiyo ili aambiwe hivyo.

Kwa hiyo nimempata Yoakimu, mpasua mbao kutoka Endagikot. Kifua kama ngoma, hajawahi kuugua hata mafua. Atasimama mbele ya mgeni aseme amekohoa miaka kumi na darasa langu limemponya. Atabeba ndoo mbili.

Leo nimemfundisha kukohoa, ili mgeni aone alikotoka. Bado anakohoa kama mtu mwenye afya. Lakini anajitahidi, na anashika haraka. Nadhani atakuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kupata.