Jinsi Bwanali wa Newala Alivyozishinda Springi za Gari-Nyumba

Sogeeni, enyi mliokaa na mliosimama, watu wa Masasi bondeni na watu wa Newala juu uwandani. Egemezeni baiskeli zenu ukutani, tueni mizigo, na anayetaka kukohoa akohoe sasa amalize. Nina habari kubwa. Wenzangu waandika tarehe wamejaza vitabu kwa wafalme waliochomeana miji, nami sina ugomvi nao, ila nawauliza: ni mfalme gani kati ya hao aliyewahi kulala chali chini ya gari bovu, vumbi machoni na grisi mdomoni, kwa ajili ya mkewe? Hakuna. Basi wanyamaze kidogo, niseme mimi.

Zilikuwa zama za soko huria, milango ya nchi ilipofunguliwa na vitu vikaingia kwa fujo, mitumba na redio za kaseti na wanunuzi binafsi wa korosho waliokuja na mizani zao wenyewe. Katika zama hizo aliishi Newala Bwanali, dereva mstaafu wa malori ya ushirika, Bwanali Mshika Usukani, Bwanali Asiyeogopa Mteremko, aliyepanda na kushuka ukingo wa uwanda wetu nusu ya umri wake akiwa na korosho za watu mgongoni mwa lori, huku mkewe Somoe akibaki mlangoni akipunga mkono. Siku aliyostaafu alimwambia, nasi majirani tukisikia: "Mama Ziada, nimetembeza magunia ya kila mtu. Sasa nitakutembeza wewe." Somoe alicheka, akaficha uso kwenye upindo wa kanga. Tangu siku ile akawa anangoja kutembezwa.

Na chombo kikapatikana. Wazungu wawili, mtu na mkewe, walikuwa wamekuja kwa barabara kutoka kwao mbali, ndani ya gari lenye kitanda, jiko, meza, makabati na pazia la maua. Walipofika Masasi wakatazamana, wakaifikiria njia iliyobaki, wakaliuza gari na kurudi kwao kwa ndege. Aliyelinunua ni Felician, mfanyabiashara wa kutoka upande wa Ziwa aliyekuja kwetu kununua korosho. Felician hakuwa na haja ya pazia. Aling'oa kitanda, akashindilia magunia mpaka kwenye paa, na ili gari lisikae chini kwa uzito akaamuru springi za nyuma ziongezwe, bamba la chuma juu ya bamba la chuma, hata zikawa nene kuliko paja la mpagazi. Msimu ulipokwisha akalichoka, na Bwanali akalipata. Bwanali akarudisha kitanda, akarudisha jiko, akalifua pazia kwa mikono yake. Springi hakuzigusa, kwa maana huku kwenye korosho gari lenye springi nyingi ndilo gari, na mwenye nalo hutembea kifua mbele.

Sasa sikilizeni maafa. Safari ya kwanza ilikuwa ya kwenda Masasi kumsalimu Mzee Mahmudu, mjomba wake Somoe. Walishuka uwanda salama, lakini walipoingia kwenye ile barabara ya bondeni yenye makunyanzi, gari lilianza kuruka. Halikutikisika, jamani, liliruka. Kabati likafunguka lenyewe likamrushia Somoe kikombe, likamrushia kisahani, likamrushia chujio la chai, na alipoinuka kulifunga barabara ikamchukua ikamgongesha kichwa kwenye paa. Sufuria ya maharage ikalala kitandani, ikajifunika shuka. Hadi wanafika Chiungutwa hapakuwa na chombo kilichobaki na mkono wake. "Simamisha," alisema Somoe. Akateremka, akafunga kitambaa kichwani, akamwomba muuza mihogo ampakie kwenye baiskeli, na kabla hawajaondoka akamtazama mumewe. "Baba Ziada, baiskeli hii ina huruma kuliko nyumba yako." Akaingia Masasi juu ya baiskeli, kichwa wima, akaenda moja kwa moja kwa mjomba wake.

Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya ndoa ya mpwa wake, na Mzee Mahmudu alikuwa mtu wa neno zito. Aliwakalisha wote wawili mkekani. Somoe akanena: "Mjomba, mwanamume huyu simkatai. Ninachokataa ni kupigwa na kabati. Lakini gari haliachi, nami siwezi kukaa ndani yake. Atatembea, mimi nitabaki mlangoni tena. Hayo nimeyafanya ujana wangu wote, na uzee wangu siutoi." Na hapo mimi, niliyekuwa Masasi kwa shughuli zangu na nimejibanza barazani, nilijua kwamba si vikombe vilivyovunjika tu.

Mzee Mahmudu akakohoa, akatoa hukumu yake. "Nitavaa kanzu yangu nyeupe ya Ijumaa. Nitaingia katika gari hilo na kikombe cha chai ya rangi mkononi, kimejaa, na sitakinywa, toka mlango wangu mpaka mlango wenu Newala. Nikifika kanzu ni nyeupe, Somoe atakaa kwake na gari lenu mtapanda. Nikifika na doa, Bwanali, nitarudi Masasi na mpwa wangu, na wewe utaishi na makabati."

Basi vita vikatangazwa, na uwanja wa vita ukawa gereji ya Ladislaus, chini ya mikorosho nje kidogo ya mji wa Masasi. Ladislaus, fundi wa malori, Ladislaus Nyundo Nzito, alilizunguka lile gari kwa madaha, akalipiga teke gurudumu, akanena kwa sauti ya kusikiwa na barabara nzima: "Mzee Bwanali, gari likiruka maana yake springi zimezidiwa! Dawa ya springi ni springi! Tuongeze bamba!" Madereva wote waliokuwapo wakaitikia kwamba ndivyo, kwa kuwa hakuna mwana wa Masasi aliyewahi kusikia dawa nyingine. Bamba likaongezwa. Bwanali akaliendesha gari kulizungusha soko, nasi tuliosimama tuliona kofia yake ikitokea dirishani kabla yake. Muuza nyanya mmoja, alipoona linarudi, alihamisha meza yake bila kuambiwa. Bwanali aliteremka ameshika kiuno.

Hapo nikasimama mimi. Nami sikuwa mtu hivi hivi. Nilikuwa mpima korosho wa ushirika, na yapo mambo ninayoyajua. Nikanena: "Enyi mashujaa, mmesahau? Lori tupu huruka, lori lililoshiba hutulia. Lishibisheni!" Ushauri wangu ulipokewa kwa vifijo. Tulikwenda ghalani kwa jirani, tukaazima korosho, tukapandisha magunia hadi pazia la maua likatoweka, na gari likashuka taratibu likakaa juu ya magurudumu kama bibi aliyepata kigoda. Bwanali akaenda nalo, akarudi nalo. Halikuruka hata kidogo! Tulikumbatiana, Ladislaus akapiga nyundo kwenye rimu badala ya ngoma, nami nikaanza kupanga maneno ya kushukuru watakapotaka kunishangilia.

Kisha tukafungua mlango wa nyuma. Magunia yalikuwa yamejaa toka sakafu hadi paa, na hapakuwa na mahali pa mjomba, wala pa chai, wala pa Somoe. Nilisema kwamba pengine Mzee Mahmudu angeweza kulazwa juu ya magunia, kifudifudi, kikombe mbele yake.

Bwanali alikuwa ameketi kwenye kidaraja cha gari, ameshika kichwa. Kisha akainuka polepole, mtu aliyeona jambo, akanyoosha mkono kuelekea chini ya gari, na kila aliyekuwa na spana akaitua. "Jamaa zangu," alisema, "nimelielewa gari hili. Felician ameondoka, msimu umekwisha, lakini lenyewe bado linangoja magunia yake. Halijui kwamba limepakiwa watu. Nami nimeliongezea chuma, ili liyangoje kwa nguvu zaidi. Mtu ni mwepesi, Ladislaus. Mama Ziada ni mwepesi. Zitoe."

"Nitoe nini?"

"Mabamba. Ya Felician yote, na lile letu la juzi."

Fundi alirudi nyuma hatua nzima. "Mzee Bwanali, nakuheshimu. Lakini tangu nishike spana nimeongeza springi, sijapunguza. Mbele ya madereva wote hawa? Watasema umeishiwa, unauza vyuma. Watasema mimi siijui kazi!"

"Waseme," akajibu Bwanali. "Wao wake zao wako nyumbani."

Ee kalamu yangu, usinitupe sasa! Magunia yakashushwa, gari likainuliwa kwa jeki, na Bwanali mwenyewe akalala chali chini yake, kwani alikataa mtu mwingine atangulie. Bolti za kwanza zilikuwa zimeota kutu mpaka zikawa jiwe moja na chuma. Zilimwagiwa dizeli, zikadharau. Zilipigwa nyundo, zikacheka. Watu wawili waliingiza bomba kwenye mpini wa spana wakaning'inia, spana ikapasuka, wakaanguka, wakaleta nyingine. Kutu ilimwingia Bwanali puani, grisi ikamwingia sikioni, naye akazidi kusukuma na kutukana kwa Kimakonde maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa heshima ya wanaosoma. Hatimaye bolti ilipiga kelele ikageuka. Bamba likaanguka mchangani, kisha jingine, kisha jingine, yale yale aliyokuwa akiyapigapiga kwa kiganja mbele ya wageni kuyaonyesha. Aliyaburuta mwenyewe, akayarundika kando. Uso wake haukuwa wa furaha, nami nilimwonea huruma.

Mabamba yaliyobaki yakapakwa grisi. Bushi zilizolika zikachongwa mpya kwa mpira wa tairi kuukuu, shokapu zilizokufa zikaondolewa, zikafungwa nyingine kutoka kwenye pikapu iliyolala pale gereji, na magurudumu, yaliyojazwa upepo wa kubebea korosho mpaka yakawa magumu kama kinu, yakapunguzwa pumzi. Kisha Ladislaus, asiye na imani, akaweka mkono mmoja nyuma ya gari akabonyeza. Gari likainama. Akaachia, likainuka taratibu, likatulia. Alibonyeza tena, na tena. Kisha akageuka upande akajifanya anatafuta spana, huku anajifuta macho kwa mkono wenye dizeli, jambo lililomliza kweli kweli.

Asubuhi ya hukumu Mzee Mahmudu alitoka nyumbani katika kanzu nyeupe iliyoumiza macho. Alipanda nyuma, akakaa mezani, na Somoe akakaa mbele yake na birika. Kikombe kikajazwa. Mjomba akaamuru pazia lifungwe, Bwanali asije akachungulia na kuomba dua za upande mmoja. Mimi nilikaa mbele karibu na dereva, kama shahidi wa taifa.

Tukaondoka. Makunyanzi ya barabara yalitupokea kwa hasira ile ile, na gari likayapokea kwa adabu: likabonyea, likainuka, likapita. Tulipita Chiungutwa. Nyuma kimya. Tulivuka mchanga, tukaanza kuupanda ukingo wa uwanda, kona kwa kona, gari likiyumba kidogo kwa sababu sasa lilikuwa laini, na nyuma bado kimya. Jasho lilimtoka Bwanali. "Mbona hawasemi?" alininong'oneza. "Wamezimia?" Nilimwambia atazame mbele.

Mlangoni pake Newala watu walikuwa wamejaa. Bwanali akazima injini, mlango wa nyuma ukafunguka, Mzee Mahmudu akateremka, na sote tukaona. Kutoka kifuani hadi gotini palikuwa na doa la chai, kubwa, la kahawia, lenye mikono na miguu.

Mzee mwenyewe alilitazama kwa mshangao. Kisha akakaza uso. "Hukumu ni hukumu," alisema. "Doa lipo. Somoe, chukua mzigo wako." Bwanali alivua kofia. Hakubishana. "Nilifanya nilichoweza, Mjomba," alisema, na watu wakatazama chini.

Somoe hakuchukua mzigo. Alikuja akapiga magoti mbele ya mjomba wake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Si tulikwishaamkiana asubuhi?"

"Tuliamkiana. Naomba ruhusa ya kusema neno lisilo na adabu."

"Sema."

"Mjomba, ulilala."

Palitokea mguno katika umati ambao nadhani ulisikika Msumbiji. Mpwa kumwambia mjomba maneno hayo, hadharani! Mzee Mahmudu aliinua kidevu. "Mimi?"

"Wewe, Mjomba. Tangu Chiungutwa. Ulikoroma. Chai ilikuwa imejaa vile vile ulipofumba macho. Tulipokuwa mlimani vidole vyako vililegea, kikombe kikakulalia, nawe hukuamka. Ulitabasamu tu."

Mzee alijigusa mdomo, kana kwamba lile tabasamu lingali pale. "Na wewe uliona kikombe kinaanguka," alisema hatimaye. "Mbona hukukidaka?"

Somoe akainamisha kichwa. "Sikuwa na mkono, Mjomba. Nilikuwa nakunywa changu."

Mzee Mahmudu alianza kucheka kutoka tumboni, kicheko kikapanda taratibu mpaka mabegani, na umati mzima ukacheka naye. Aliposhiba kucheka akafuta macho, akatangaza kwamba doa lile halikutoka barabarani bali usingizini, na kwamba usingizi haukuwa na kesi mbele yake. "Somoe, kaa kwako," alisema. "Na mimi kurudi Masasi mtanirudisha kwa gari hili?"

"Ndiyo, Mjomba," akajibu Bwanali, kofia bado mkononi.

"Basi chai msiniwekee. Niwekeeni mto."

Somoe alikuwa amekwishapanda kiti cha mbele, kiti changu, nami nikashushwa bila hata kuombwa radhi. "Tukishamfikisha Mjomba tusirudi," nilimsikia akimwambia mumewe. "Tupite Lupaso kwa mwanetu Ziada. Halafu tutaona." Bwanali akawasha injini.

Basi andikeni, enyi mtakaotufuata, na msiache hata herufi: katika zama za soko huria vitu vingi viliingia nchini kwa kishindo, lakini ushindi mkubwa kuliko wote ulipatikana Masasi kwa kutoa. Vilitoka vyuma vya Bwanali, na huku barabara ileile iliyowashinda wazungu ikiguna, mzee mmoja alilala usingizi wa mchana, na mke mmoja akamaliza chai yake ingali moto.