Kiti cha Kumkanda Mama

Jumamosi, 20 Desemba
Mwaka huu Mama atakula Noeli kwangu. Nimeapa! Kila mwaka anakula kwa mdogo wangu Tanios, na Tanios ananitazama kanisani kwa jicho la mshindi. Mtu mwenyewe haleti kitu! Kila asubuhi anakwenda kwa Mama mikono mitupu, anamwagilia zile dengu ambazo Mama alizipanda juu ya pamba siku ya Mtakatifu Barbara, ziote za kuzungushia pango la Noeli. Anakunywa kahawa, anaondoka. Bahili mkubwa. Mimi nina mpango.

Jumapili, 21 Desemba
Nimenunua kiti cha umeme cha kukanda mgongo. Kinakanda na miguu! Mke wangu Hilda ameniuliza kwa nini nisiende tu kumsalimia Mama, nyumba yenyewe ipo mtaa wa pili. Nimemjibu kwamba haelewi mashindano. Amenuna mpaka sasa.

Jumatatu, 22 Desemba
Kiti kimefika kwa Mama. Balaa. Hakikupita mlango wa chumbani, kikawekwa sebuleni, pale pale panapojengwa pango. Sahani za dengu zikahamia juu ya friji. Mama akashukuru, shukrani kavu, akauliza kama nitakaa kidogo. Nikasema nina haraka, sijanunua utepe wa kukifunga. Tanios akachekea ndani ya kikombe.

Jumanne, 23 Desemba
Aibu tupu. Nilikwenda kumwonyesha Mama kazi ya kiti. Nikamlaza, kikambana miguu, kikaiinua juu, na umeme ukakatika! Nilisahau saa ya mgawo. Jenereta ya mtaa nayo mbovu. Nikavuta, wapi! Tanios hapokei simu. Ikabidi nikae.

Kwa kukosa la kusema, nikamuuliza amelalaje. Kumbe halali vizuri tangu Baba afariki. Sikujua. Kisha akaanza kunituma kama mtoto: teremsha dengu, zimwagilie, kunja karatasi ya kahawia iwe mawe, siyo hivyo, baba yako alikuwa anaikunja hivi. Tukajenga pango pale chini ya miguu yake. Akanikumbusha nilivyomla kondoo wa sukari wa pangoni nikamsingizia Tanios. Tulicheka mpaka akapaliwa. Akasema nimekonda, nani ananisumbua. Nilitaka kulia. Vumbi la karatasi, bila shaka.

Umeme uliporudi hakuwa na haraka ya kushuka. Alinishika mkono. "Kiti chako hakiniulizi nimelalaje, baba," akasema. "Wewe leo umeniuliza. Noeli nakuja kwako."

Alhamisi, 25 Desemba
Mama amekula kwangu! Amekuja na sufuria la meghli, ile pudini ya mchele na viungo, akaipakua mwenyewe, na sahani yangu ndiyo iliyojaa lozi. Tanios naye alikuja, mikono mitupu kama kawaida yake, akanikumbatia. Maskini, hajui kilichompiga. Mimi najua: ni kiti. Kilimbana Mama saa nzima tu, na matokeo ndiyo haya.

Mama ameniomba nipite kesho asubuhi, tunywe kahawa, nimwagilie dengu. Sitaweza. Alfajiri nateremka Beirut. Nimesikia kuna duka linauza kiti kinachobana na mikono.