Kugombea kwa Jina la Marehemu

Jumatatu, 5 Septemba 1977

Félicien anagombea! Félicien, muuza mawese! Amepita dukani kwangu ndani ya abakosti mpya, ile suti ya Chama isiyo na tai, amesalimia kila mteja "citoyen", yaani mwananchi, hata mtoto wa mgongoni, kisha ametangaza kwamba anataka kiti cha konseye, yaani diwani, katika baraza la zone yetu ya Alunguli. Sikuweza kula mchana. Kama Félicien anaweza kukaa barazani, mimi Sikuli nitashindwaje? Sabine mke wangu (jina la ubatizo limekatazwa na Chama, lakini humu nyumbani bado ni Sabine, na humu daftarini Félicien bado ni Félicien) ameuliza nitafanya nini huko. Nimemjibu nitakaa. Tatizo ni kwamba nimetoka Butembo. Miaka yote hii nawauzia chumvi, bado naitwa mugeni. Nani atampigia kura mgeni? Sijaamua.

Jumatano, 7 Septemba

Nimeamua! Akili yangu wakati mwingine inanitisha. Chama kinataka tujiite majina ya wazee wetu, si ya watakatifu. Ferdinand, jina langu la ubatizo, nililiacha zamani, ila mahali pake sikuweka kitu. Na mzee gani alipendwa Alunguli kuliko marehemu Masudi? Alipokufa mwaka jana, vilio vilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Si babu yangu, kweli. Lakini alikuwa mteja wangu. Nimekwenda ofisi ya zone na kujiandikisha: Sikuli Masudi. Sikumwuliza mtu. Njiani kurudi watu waliniita Masudi kwa furaha. Félicien alikunja uso kama aliyemeza sabuni.

Ijumaa, 9 Septemba

Balaa. Mama Asumani, mjane wa Masudi, amekuja, amekaa, ameniita bwana yangu. Nilidhani utani. Si utani! Huku, anayebeba jina la marehemu amebeba na nafasi yake: nyumba, watoto, shida zote. Nilikuwa nimelisikia jambo hili, lakini mtu anayetafuta kura hakumbuki kila kitu. Alimwita Sabine mukemwenza. Sabine alicheka mpaka machozi, halafu akaacha kucheka.

Baadaye akaingia Asumani mwenyewe, mbeba magunia bandarini, mabega kama mlango. Akaniita baba. Anataka kuoa. Jumapili asubuhi baba yake, yaani mimi, avuke naye mto mpaka Kasuku, akaseme na wazazi wa msichana. Tangu Masudi afe hakuna wa kumsemea. Mama Asumani alikuwa anatabasamu kama bibi arusi. Nikakubali. Ukoo ule una kura nyingi.

Jumapili, 11 Septemba

Naandika kwa aibu. Jana kwenye salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi, tukiwa tunafyeka majani ya barabara, katibu wa Chama alitangaza kwamba wagombea wote wajionyeshe leo asubuhi. Asubuhi ileile ya posa! Nikajiambia posa inaweza kungoja, Chama hakingoji. Sikumtuma mtu kuwaambia. Niliogopa uso wa yule mama.

Njia ya mkutanoni inapita kivukoni. Walikuwa pale. Mama Asumani kwa kitenge kipya, Asumani kwa viatu vya kuazima, na mbuzi wa kupeleka ukweni. Mama alikuwa anamwuliza kila mpita njia kama amemwona bwana yake. Nikajificha nyuma ya kuni za wachoma samaki. Kisha nikatambaa. Mgombea mzima, anatambaa!

Na mkutano wenyewe? Hakuna aliyehutubu. Tulipangwa mstari, tukaambiwa tukichezee Chama, tukacheza mpaka jua la utosi. Suruali ilipasuka. Félicien alicheza vizuri, mshenzi yule.

Jioni nimesikia kwamba walivuka bila mimi. Wazee wa Kasuku waliwarudisha, wao na mbuzi wao. Kijana asiye na baba wa kumsemea, hawana maneno naye. Sabine hakuniwekea chakula. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 12 Septemba

Mama Asumani alikuja duka likiwa limejaa watu. Hakupiga kelele. Alisema: "Bwana yangu alikufaka mwaka jana. Nilimulilia, nikamaliza. Sasa umenililisha mara ya pili. Weye njo Sikuli, muntu wa chumvi. Jina ya bwana yangu, urudishe."

Wateja wakaangalia chini. Mimi pia. Natamani ardhi ya duka ingefunguka. Nimekwenda ofisini, nimefuta jina, nimefuta na kugombea kwangu. Karani hakuuliza sababu. Alunguli nzima inaijua.

Alhamisi, 15 Septemba

Sabine amevuka mto na Mama Asumani! Hakuniaga. Alikwenda kama mukemwenza, akaketi mbele ya wazee wa Kasuku, akawaambia kwamba baba wa kijana amekufa na yule mwingine ni mpumbavu, kwa hiyo watasema wamama. Wazee walicheka, kisha wakampokea mbuzi. Asumani anaoa! Leo watu wanakuja dukani kumpa Sabine mkono. Mama Asumani amemletea samaki. Mimi hakunitazama. Félicien mwenyewe amesema mwanamke kama huyu angefaa barazani.

Nililia kidogo kule nyuma ya magunia, kwa aibu. Nimeapa sitafanya hila tena maishani mwangu.

Halafu nikawaza maneno ya Félicien. Nikakimbia ofisi ya zone kabla haijafungwa, nikamwandikisha Sabine. Yeye bado hajui. Nitamwambia akishachaguliwa, atafurahi sana. Kesho naenda kwa fundi kupimwa abakosti. Mume wa konseye hawezi kusimama mbele za watu na suruali iliyopasuka.