Mteja Niliyemwandaa Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Meneja anafungua duka la pili. Asubuhi ametukusanya kati ya rafu ya sufuria na rafu ya vikombe, akasema anahitaji msimamizi wa huko, na kwamba atatuangalia wiki hii kabla ya kuchagua. Aliposema "nitawaangalia" alinitazama mimi. Au saa ya ukutani iliyo nyuma yangu. Vyovyote vile, dalili njema.

Mpinzani ni mmoja tu, yule dada wa upande wa vyombo vya kioo na mbao. Mimi humwita Tabasamu, kwa kuwa hana silaha nyingine. Humchekea kila anayeingia. Leo kaingia mtu kuuliza njia tu. Katoka na chujio.

Mimi nina sufuria, vikaango na uzoefu.

Jioni nimemwambia Mama kwamba usimamizi nimeshapewa. Si uongo. Ni ukweli uliotangulia kidogo. Mama kapiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta. Kisha kaenda kwa huyo jirani kumweleza sababu.

Jumanne, 4 Machi

Tabasamu kapanga vikombe vyake kwa rangi, kuanzia nyeupe hadi bluu iliyokolea. Katikati kaweka mitungi ya kioo yenye vifuniko vya mbao, mmoja umejaa maharage. Wateja wanasimama na kupiga picha. Upuuzi mtupu. Nani anataka kutazamana na maharage yake?

Nikajibu kwa mnara. Sufuria juu ya sufuria, kubwa chini, ndogo juu, hadi karibu na taa. Kazi ya asubuhi nzima. Mnara wa heshima.

Mteja wa kwanza akataka ile ya chini kabisa.

Mwingine angemshawishi achukue nyingine. Mimi ni mtu wa huduma. Nikaivuta.

Kishindo kilimtoa fundi saa dukani kwake, ng'ambo ya barabara. Meneja naye akaja mbio, akauliza kama kuna madhara. Nikamwambia sufuria zote nzima. Akasema hakuuliza habari za sufuria. Nikaguswa, nikamwambia hata mimi ni mzima. Akasema anamuuliza mteja.

Tabasamu kaja kunisaidia kuokota. Mbinu ya wazi ya kujionyesha kwa meneja. Kweli meneja alikuwa ameshaondoka, lakini mjanja hujiandaa mapema.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua tatizo. Bidhaa zangu hazina msemaji. Nikizisifu mimi, watu wanajua mwamba ngoma huvutia kwake. Akizisifu mteja, hapo ndipo masikio husimama.

Nikamwomba Mama. Kesho aje dukani kama mteja wa kawaida, ashike kikaango kisichogandisha, aseme kwa sauti: "Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta!" Basi. Kikohozi changu ndiyo ishara.

Mama akauliza kwa nini asinijue. Nikamwambia ni mambo ya kazi. Akauliza kama namwonea haya. Nikasema hata kidogo. Akauliza kama shida ni lile gauni lake la kijani. Ilichukua muda. Mwisho akauliza, kama mimi ni msimamizi tayari, sifa nazitafutia nini? Nikamwambia msimamizi mzuri habweteki.

Tumefanya mazoezi jikoni kwa kifuniko cha ndoo. Maneno anayasema vizuri. Ila kila mara anamalizia na "mwanangu".

Alhamisi, 6 Machi

Mama amefika. Gauni la kijani.

Nikamwamkia shikamoo, kama ninavyomwamkia mteja yeyote wa umri wake. Akaitikia marahaba. Mpaka hapo, kazi safi. Kisha akaninyooshea kola na kuuliza kama nimekula.

Nikakohoa. Akasema si alinikataza kulala dirisha likiwa wazi.

Nikamsogeza kwenye vikaango. Akachukua kimoja, akakipima kwa mkono, akakigeuza. Duka limejaa. Meneja yuko pale pale kaunta. Nikakohoa tena. Mama akafungua mdomo. Halafu macho yake yakavuka bega langu.

Kule upande wa pili kuna ubao wa kukatia wenye droo chini. Unakata, unasukuma, vipande vinaangukia ndani, meza inabaki safi. Mama akaenda. Akavuta droo, akairudisha. Akaivuta tena. Tabasamu akampa kisu na karoti ajaribu.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta!" akasema Mama, kwa sauti ile ile niliyomfundisha mimi.

Duka zima likageuka. Wanawake wawili wakaufuata ubao. Mzee aliyekuja kutafuta kizibo cha chupa ya chai akatoka na ubao. Meneja akamwendea Mama, akamshukuru kwa maneno mazuri.

"Usinishukuru mimi, baba," Mama akamwambia. "Wa kushukuriwa ni wewe, kwa kumpa mwanangu usimamizi."

Meneja akauliza mwanawe ni nani.

"Si huyo hapo, Kibonge wangu. Huyo anayekohoa."

Ijumaa, 7 Machi

Meneja hakunigombeza. Aliniuliza tu nimeteuliwa lini, ili naye ajue. Nikasema kumetokea mkanganyiko. Akanipeleka stoo kufungua maboksi.

Mchana Mama karudi dukani na chakula. Si changu. Cha Tabasamu! Nimewaona kupitia mlango wa stoo, wanakula pamoja, Mama anasimulia kwa mikono. Nikaitambua ile mikono. Ni kisa cha siku nilipochemsha mayai nikasahau maji. Tabasamu alicheka mpaka akafuta machozi.

Mwanamume hujitetea kwa vitendo. Tuna jiko dogo la umeme la maonyesho. Nikatoka stoo, nikavaa aproni mpya, nikatangaza kwamba nitakaanga yai bila tone la mafuta. Watu wakajaa. Nikaweka kikaango, nikavunja yai ndani, nikawasha, nikaanza kueleza. Niliongea vizuri sana. Moshi ulipoanza, nikaueleza kuwa ni dalili ya joto kusambaa sawasawa. Ukafuata moto.

Ni ile karatasi iliyobandikwa chini ya kikaango. Imeandikwa: ondoa kabla ya kutumia. Lakini nani husoma matako ya kikaango?

Nikarudi nyuma ili kuwapa wengine nafasi. Tabasamu akachomoa waya ukutani, akachukua sufuria kubwa kutoka rafu yangu, akafunika jiko, kikaango, yai na kila kitu. Moto ukafa. Akawageukia watu.

"Mmeona sufuria hii ilivyo nzito?" akasema. "Hata hewa haipiti."

Sufuria kubwa zimekwisha kabla ya kufunga. Sufuria zangu, mdomo wake.

Baadaye kanifuata stoo, akauliza kama nimeungua. Nikasema nyusi kidogo. Akanipa kitambaa cha maji baridi, akaondoka. Nilikaa nacho usoni muda mrefu kuliko nyusi zilivyohitaji.

Jumamosi, 8 Machi

Msimamizi wa duka jipya ni Tabasamu.

Karuhusiwa kuchagua mfanyakazi mmoja wa kwenda naye. Kanichagua mimi. Meneja akauliza kama amesikia vizuri. Akasema ndiyo, kwa sababu mtu anayezipenda sufuria kiasi hiki hapatikani kirahisi. Ni wazi ananiogopa. Mpinzani hatari ni heri umweke karibu.

Nyumbani nikamkalisha Mama, nikamwambia kwamba sikuwahi kuwa msimamizi. Akasema alijua tangu Jumatatu. Msimamizi gani anarudi nyumbani na kitambaa cha kufutia vumbi begani? Na meneja alimshukuru makusudi, huenda angeona haya akanipa kweli. Nikamuuliza, basi vigelegele vya nini? Akasema nilionekana nina hamu navyo.

Nikaosha vyombo.

Jumapili, 9 Machi

Nimekaa nikayachambua makosa yangu kama mtu mzima. Limebaki moja tu. Mama ni mkweli mno.

Kwa hiyo nimemwita Mjomba, mdogo wake Mama. Huyu aliwahi kumuuzia mtu jogoo kwa sifa ya kutaga, na yule mtu akarudi kuulizia wa pili. Kesho tunafungua duka jipya. Mjomba atakuja kama mteja, hanijui, simjui, atasimama kwenye sufuria na kushangaa. Tumefanya mazoezi alasiri yote. Anashangaa vizuri mno. Alinitoa machozi.

Kapendekeza pia nikaange yai mbele ya watu, niifute ile aibu. Nikamweleza kwamba msimamizi mpya ametoa amri moja tu, nayo ni kwamba nisiguse jiko la umeme. Haki yake.

Mjomba anakuja na lake. Ni la gesi.