Duum ya Mzee Gharib

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Inatangazwa kwa watu wa Kisiwani, wa Bara na walio safarini: leo baada ya alasiri mimi, Gharib, mshona kofia wa Kibokoni, umri miaka arobaini na tisa, nimepewa kuimba "duum". Neno lenyewe ndilo hilo. Narudia mpaka wimbo uishe.

Kundi ni la vijana wanne wa Tononoka. Lina miezi miwili tu. Wanaimba kwa vinywa vitupu, bila ngoma wala kinanda. Mwenzao wa sauti nzito alipata kazi Voi, wakabaki kama nyumba isiyo na msingi. Kiongozi wao, Kalama, kaniambia kwa adabu kwamba nitajaribiwa mpaka Jumamosi. Mke wangu Mwanaesha kauliza kama duum hiyo inaliwa kwa wali au kwa mkate.

Tangu binti zetu waolewe, nyumba hii haina sauti ila ya saa ya ukutani. Nataka kubaki katika kundi hili kuliko nilivyotaka kitu chochote miaka kumi hii. Daftari, usimwambie mtu.

Jumanne, 6 Agosti

Balaa. Yuko mwingine! Chonga, mchukuzi wa Makupa, miaka ishirini na miwili. Akifungua kinywa, vioo vya dirisha vinaitikia. Sidi, binti mwenye sauti ya juu na ulimi wa juu zaidi, kasema mimi naukimbia wimbo kama niliyeacha chungu motoni. Nikamwambia wao ndio wanaochelewa. "Sote wanne, mzee?"

Kalama katoa hukumu: Jumamosi atachaguliwa mmoja.

Kwa sauti Chonga simwezi. Nitamweza kwa akili. Mtu akiwaletea kazi yao ya kwanza, nani atamfukuza?

Jumatano, 7 Agosti

Mzee Ishaq, wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, kafariki alfajiri. Mungu amrehemu. Alivaa kofia zangu miaka ishirini wala hakulalamika, ingawa moja ilimbana.

Tumemzika adhuhuri. Wazo likanijia, naona haya kuandika kwamba lilinijia makaburini. Ijumaa Bi Swabaha anamwoza mwanawe, na njia ya bwana harusi inapita mbele ya nyumba ya Ishaq. Matanga ni siku tatu, na mtaa ukifiwa ngoma hazipigwi. Wapigaji wamekwisha ambiwa wasije. Maskini kijana atakwenda kwa mkewe kimya, kama anayekwenda kung'oa jino.

Nikamwendea Bi Swabaha. Nikamwambia kilichozuiwa ni ngoma, nasi ngoma hatuna. Akanitazama sana. Akasema haya, lakini kwanza niende kwa Nasiha, binti wa marehemu, nimwombe ruhusa. Akikataa, hapana harusi ya nyimbo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimekwenda. Ruhusa imepatikana.

Kalama kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kauliza mara mbili kama wafiwa wameridhia kweli. Vijana wa siku hizi hawawaamini watu wazima. Chonga kaniletea maji ya kunywa. Hila tupu.

Ijumaa, 9 Agosti

Tumetoka na bwana harusi baada ya alasiri. Mimi hufumba macho ili nisiukimbie wimbo. Duum. Duum. Sijapata kuimba vile maishani! Nikasikia wenzangu wanapungua, nikadhani ni ufundi. Nikaongeza yangu kuziba pengo.

Nilipofumbua macho nilikuwa naimba peke yangu, mbele ya baraza ya Mzee Ishaq. Wanaume wa matangani wamesimama, wanaangaza huku na huku wapate kuiona hiyo ngoma. Nasiha yuko mlangoni.

"Ami Gharib," kasema, "leo ndiyo siku ya tatu. Mngengoja kesho tu."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Njia iliyobaki tumekwenda kimya, bwana harusi kainamisha kichwa.

Jumamosi, 10 Agosti

Kachaguliwa Chonga. Hata mashindano hayakuwapo. Asubuhi vijana wote walikwenda kwa Nasiha kuomba radhi kwa kosa lisilokuwa lao, naye Chonga pamoja nao. Kisha Kalama kapita kwangu. Hakunitukana. "Mzee, ungetwambia tu hukuomba. Tungeimba siku nyingine, na wewe ungekuwamo."

Ukweli ni huu. Alhamisi nilikwenda kweli. Nilikaa barazani, nikanywa kahawa vikombe vitatu. Nasiha akatoka kunishukuru kwa kumzika babake, macho yamemvimba. Kinywa nilikuwa nimeshakifungua. Akasema babake alipenda kupita dukani kwangu, hata siku asiyokuwa na haja ya kofia. Nikakifunga. Nikampa pole, nikaondoka. Njiani nikajiambia hakunikataza, na asiyekataza karuhusu. Hivyo ndivyo ruhusa ilivyopatikana.

Lazima nimwombe radhi. Nimewaza tangu adhuhuri, naona kwa kosa kubwa namna hii maneno matupu hayatoshi. Nimetunga beti mbili. Matanga yalikwisha jana, kwa hivyo hapana kizuizi. Kesho nitasimama chini ya dirisha lake niziimbe zote mbili, polepole.