Tuni Tatu kwa Mama Mkwe

Jumanne, 4 Novemba

Mama mkwe anatimiza miaka sabini Jumamosi. Sherehe nyumbani kwake, Luanda Kotieno. Calvince, mume wa dada mkubwa wa mke wangu, ametangaza kwamba ataleta mpiga kinanda wa kukodi. Calvince anakaa Milimani, mtaa wa matajiri, na hotuba zake zote huanzia hapo. Nikamwambia mke wangu, Selpha, kwamba muziki nitapiga mimi. Akauliza kama Mama anajua. Nikasema atajua akisikia.

Nieleze kidogo, wajukuu wakisoma wasipotee. Gitaa langu silikumbatii, nalilaza mapajani. Nimelichonga mwenyewe kwa ubao wa mvule. Vidole havibonyezi nyuzi. Nateleza juu yake na chuma, pini ya pistoni ya lori niliyoiokota gerejini ninakofanya kazi. Kwa miaka kumi na miwili Mama ananiita "yule wa ubao". Wakwe wengine wana majina. Nataka neno moja jema kutoka kwake kabla hatujazeeka wote.

Shida ni moja. Nyimbo zangu tatu zina tuni tatu, kila moja na mpangilio wake wa nyuzi, na kubadili kunanichukua dakika nne. Kwenye harusi ya jirani yetu Frankline watu walienda kula nikiwa bado kwenye uzi wa tatu. Hawakurudi.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepata! Pakruok. Kwetu mtu yeyote anaruhusiwa kusimamisha muziki katikati ya sherehe, ajisifu au amsifu rafiki yake, aweke kitu kwenye sinia, kisha muziki uendelee. Muziki unasimama na hakuna anayenilaumu. Nani atajua kwamba nabadili tuni?

Nimempanga Tom, mwenzangu wa gereji. Nikikuna sikio, anasimama na kujisifu dakika nne. Malipo ni samaki mzima, ngege wa ziwani. Aliuliza ajisifu kwa lipi. Nikamwambia hilo ni lake.

Selpha ameshauri nipige wimbo mmoja, tuni moja, kisha nile kama watu. Nampenda sana, lakini hana makuu.

Ijumaa, 7 Novemba

Mazoezi ya kuvuta uzi. Huu ni ufundi wa juu. Chuma kimetulia juu ya nyuzi, kidole cha mkono huohuo kinavuta uzi mmoja nyuma ya chuma, na sauti yake inapanda huku nyingine zimekaa palepale. Nilivuta vizuri mara tisa. Ya kumi, uzi ukakatika, ncha ikaruka hadi kwenye sufuria ya omena, dagaa wetu wa ziwani. Selpha aliitoa kwa mwiko, akanifunga kidole, na aliuliza kama nimeumia kabla ya kuuliza habari za omena. Nimeweka uzi mwembamba niliochambua kwenye waya wa breki ya baiskeli. Unashika.

Jumamosi, 8 Novemba

Umeme ulikatika kabla ya chakula. Kinanda cha Calvince kikanyamaza. Spika yangu inatumia betri ya pikipiki. Mungu si Athumani.

Wimbo wa kwanza ulienda. Mama alitikisa kichwa, au alifukuza nzi. Nikakuna sikio. Tom akasimama, akasema yeye ndiye Tom, gari analoligusa hupona. Akakaa. Sekunde kumi. Sikuwa nimemaliza hata uzi mmoja. Bahati nzuri Calvince hawezi kumwachia mekanika neno la mwisho. Akasimama, akasifu nyumba, geti na mbwa. Wajomba wawili wakamjibu. Mzee Aloo akamsifu ng'ombe aliyekufa zamani. Mimi nilishamaliza tuni, nikakaa robo saa nimeshika chuma, hakuna aliyenikumbuka.

Wimbo wa pili. Nikafika pale pa kuvuta uzi, pakakubali, akina mama wakaanza kutikisa mabega. Sikio likawasha kweli. Nikalikuna. Tom akasimama tena. Nikajifanya ndivyo nilivyotaka, nikaanza kutafuta tuni ya tatu. Uzi wa breki ukakatika.

Hapo Mama mwenyewe akasimama. Akasema yeye ni mama wa mabinti watatu, na simu ya usiku anaijua: tumegombana, mama njoo unichukue. Ameshapanda pikipiki gizani mara nyingi. "Lakini ya Selpha haijawahi kuja. Miaka kumi na miwili. Huyu aliyekaa na ubao ni mkwe wangu. Mwacheni apige."

Calvince aliangalia viatu vyake. Selpha alijifunika uso kwa leso. Nikapiga kwa nyuzi tano, tuni isiyo na jina, na kwa machozi sikuuona hata uzi mmoja. Sijawahi kufurahi hivyo.

Jumapili, 9 Novemba

Nimetafakari. Mpango ulifaulu. Nisingebadili tuni, muziki usingesimama. Muziki usingesimama, Mama asingepata nafasi ya kunisifu. Selpha anasema Mama hakutaja gitaa kwa wema hata mara moja. Nimemsamehe. Muziki si fani yake.

Kosa lilikuwa Tom tu, mtu wa sekunde kumi. Krismasi tunarudi kwa Mama na nyimbo sita, tuni sita. Kazi ya kusimama na kujisifu nimempa Calvince. Alikubali kabla sijamaliza kumweleza.